Samaki wa Machi

Machi inapoingia kusini mwa California, wavuvi wa besi huanza kuomba ruhusa kazini. Asubuhi bado kuna baridi na mvuke unafuka juu ya ziwa, lakini mchana jua hupiga ghuba za upande wa kaskazini, na maji yake hupata uvuguvugu mapema kuliko kwingine. Yakifika nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, besi mdomo-mkubwa waliojificha kilindini tangu Desemba huanza kupanda. Hawaji kwa pupa. Husogea kidogo kidogo wakifuata mabonde yaliyozama zamani, wakitua kwenye miamba na visiki, hadi wafike karibu na ukingo. Majike huja na matumbo yaliyojaa mayai, na kwa majuma hayo machache huwa wazito kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka.

Kwa sababu hiyo mvuvi anayetafuta samaki wa maisha yake humtafuta mwanzoni mwa machipuko. Na kwa sababu hiyo hiyo Wamarekani wamebishana sana kuhusu majuma haya kwa muda mrefu. Yamefungwa kwa sheria, yakafunguliwa, yakawindwa kwa ajili ya rekodi. Samaki mzito wa Machi ni mama aliyebeba, na kila kizazi cha wavuvi kimelazimika kuamua namna ya kumtendea.

Inafaa kwanza kuona kinachotokea chini ya maji. Joto likipita nyuzi 15, dume huchagua mahali penye changarawe au mchanga mgumu, mara nyingi kwenye kina kisichozidi mita moja au mbili, akaanza kufagia kwa mkia. Hufagia mpaka tope lote liondoke na libaki duara safi, jeupe, linaloonekana hata na mtu aliyeketi mashuani. Jike huingia, hutaga, kisha huondoka. Ulezi wote ni wa dume. Hubaki akielea juu ya mayai huku akipepea mapezi ili maji yaendelee kupita, na hufukuza kila anayesogea, hasa samaki wadogo wapana waitwao bluegill, wanaojipanga kando ya duara wakingoja nafasi. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na bado dume haondoki. Huwalinda vifaranga kwa siku nyingi zaidi. Muda wote huo hula kidogo sana. Chambo bandia kikidondoka katikati ya duara lake hukibana mdomoni ili akitoe nje, na hapo ndoana humnasa.

Hata hivyo, rekodi ya dunia ya samaki huyu haikutoka California, wala haikuwekwa Machi. Iliwekwa tarehe 2 Juni 1932 huko Georgia, katika Montgomery Lake, ambalo kwa kweli ni mkono wa zamani wa Mto Ocmulgee uliokatika na kubaki peke yake msituni. Marekani ilikuwa imezama katika mdororo mkuu wa uchumi. George Perry, kijana mkulima wa miaka 20 hivi, aliamka akakuta mvua, shamba limelowa mno kulimika. Akaenda ziwani na rafiki yake Jack Page. Chambo bandia walikuwa nacho kimoja tu, cha kampuni ya Creek Chub, wakawa wanapokezana kukirusha. Zamu ya Perry ilipofika maji yalichafuka karibu na gogo, akavuta, na mshipi haukusogea. Alidhani amenasa kwenye mti.

Samaki alipimwa katika mji mdogo wa Helena: ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo juu yake, na urefu wa sentimita 82 hivi. Perry alipeleka vipimo kwenye shindano la jarida la Field & Stream, akashinda zawadi ya vitu vya thamani ya dola 75. Samaki mwenyewe aliliwa. Nyumbani kulikuwa na vinywa vya kulisha, na kitoweo cha kilo 10 kilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Siwezi kumlaumu hata kidogo. Wako wakusanyaji wa rekodi ambao hadi leo husikitika kwamba samaki yule hakuhifadhiwa ukutani, nami naona hawajawahi kurudi nyumbani mikono mitupu watoto wakiwatazama.

Wakati huo besi alikuwa ameshasafiri mbali na alikozaliwa. Asili yake ni mashariki na katikati ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia nchi ya Maziwa Makuu hadi ghuba ya Mexico. Reli ndiyo iliyoivusha jamii ya besi milima. Mwaka 1854 mtu aitwaye William Shriver aliwabeba besi mdomo-mdogo, ndugu wa samaki wetu, ndani ya tangi la maji la gari-moshi la kampuni ya Baltimore and Ohio, akawavusha milima ya Appalachia na kuwatia katika maji ya Mto Potomac, ambako hawakuwahi kuwapo. Mwaka 1871 serikali ikaunda tume ya samaki, na baadaye mabehewa maalumu yakawa yanazunguka nchi nzima na vifaranga. Daktari James Henshall alipochapisha kitabu chake kuhusu besi mwaka 1881, alikuwa akiwaandikia watu ambao wengi wao walikuwa na samaki huyo karibu na nyumba zao.

Kisha akavuka bahari. Mwaka 1925 mfanyabiashara Akaboshi Tetsuma aliwapeleka Japani, katika Ziwa Ashi. Miaka minne baadaye, mwaka 1929, besi waliwekwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya.

Habari ya Naivasha inatuhusu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Wengi husimulia kwamba besi waliletwa kwa ombi la Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, lakini Roosevelt alikuwa ameshafariki mwaka 1919, miaka kumi kabla. Kwa vyovyote vile, waliomleta walitaka mchezo wa ndoana kama ule wa kwao. Naivasha lilikuwa ziwa lenye samaki wachache ajabu. Samaki wa kwake peke yake, asiyepatikana kwingine, alikuwa kisamaki kidogo sana cha jamii ya Aplocheilichthys. Perege walipandikizwa mwaka 1925 na besi wakafuata. Kisamaki kile kilionekana mara ya mwisho mwaka 1962 na hakijaonekana tena. Besi anayekula chochote kinachoingia mdomoni mwake ni mshukiwa wa kwanza, na mimi sioni mshukiwa mwingine mwenye nguvu zaidi.

Uvuvi wa biashara wa nyavu ulianza Naivasha mwaka 1959. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa Louisiana, ambao besi wakubwa waliwapenda mno. Ziwa likawa na chakula cha Kimarekani, samaki wa Kimarekani na mafunjo ya Kiafrika. Kitu kimoja hakikuweza kuletwa, nacho ni machipuko. Naivasha iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,890, na joto la maji yake halipandi na kushuka kama la California. Hakuna majuma ambayo besi wote hupanda pamoja ukingoni na kumpa mvuvi ishara. Ukingo wa mafunjo ndio mazalia na ndio malezi, Januari hadi Desemba. Nyavu zenye matundu madogo zilipozidi, samaki walipungua hata serikali ya Kenya ikalifunga ziwa lote kwa uvuvi mwaka 2001. Lilipofunguliwa, mgeni mwingine, karpi, alikuwa ameshaingia, na katika miaka michache akatawala nyavu za wavuvi. Besi bado yumo, lakini hana tena ufalme aliokuwa nao.

Turudi Amerika. Kwa miongo mingi jibu la majimbo mengi kuhusu machipuko lilikuwa kufuli: msimu ulifungwa wakati wa kutaga, ukafunguliwa samaki wakishamaliza. Hoja ilikuwa rahisi na watu waliikubali. Ukimtoa mama kabla hajataga, mwakani utavua nini?

Kufuli hilo lilivunjwa Tennessee. Bwawa la Norris lilikamilika mwaka 1936, la kwanza kujengwa na Mamlaka ya Bonde la Tennessee (TVA), na nyuma yake likatanda ziwa jipya kubwa. Mtaalamu wa samaki R. W. Eschmeyer alilichunguza ziwa hilo mwaka baada ya mwaka, akaona jambo la kushangaza: samaki wengi sana walikuwa wakifa kwa uzee bila kuguswa na ndoana, na wingi wa vifaranga ulitegemea zaidi maji na chakula kuliko idadi ya wazazi waliovuliwa. Besi jike mmoja hutaga maelfu ya mayai, na ziwa halina nafasi ya kuwalea wote. Mwaka 1944 Norris lilifunguliwa kwa uvuvi mwaka mzima, kwa majaribio. Samaki hawakuisha. Majimbo ya kusini yakafuata moja baada ya jingine, na hivyo ndivyo uvuvi wa mwanzo wa machipuko ulivyozaliwa kama desturi ya halali iliyo wazi kwa kila mtu. Kaskazini walibaki na shaka. Ontario, kule Kanada, kwa miaka mingi iliwaweka wavuvi wa besi wakingoja hadi Juni katika sehemu kubwa ya jimbo.

Baada ya vita vifaa vikaja kwa kasi. Mwaka 1949 Nick Creme wa Ohio alimimina mnyoo wa kwanza wa plastiki laini jikoni kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Carl Lowrance akawauzia wavuvi kisanduku cha kijani chenye sona, wakaweza kujua kina na kuona samaki chini ya mashua. Mwaka 1967 Ray Scott, muuza bima wa Alabama, aliwakusanya wavuvi zaidi ya 100 katika Beaver Lake, Arkansas, kwa shindano la fedha, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S. Samaki wa mashindano ya mwanzo walikuwa wakifa. Scott aliwaona wavuvi wa trauti wakiwarudisha samaki wao majini kwa shangwe, na mwaka 1972 akaanza kuwataka wavuvi wake wafanye vivyo hivyo: mashua iwe na tangi la maji yenye hewa, na samaki apimwe akiwa hai kisha arudishwe. Sheria moja ya mashindano iligeuka tabia ya mamilioni ya watu. Kati ya mambo yote yaliyoletwa na biashara ya uvuvi wa besi, hilo ndilo naliheshimu kuliko yote.

Sasa tuje kwenye majitu ya California. Mwaka 1959 Orville Ball, msimamizi wa maziwa ya jiji la San Diego, aliagiza vifaranga kutoka Florida, ambako besi hukua wakubwa kuliko jamaa zao wa kaskazini. Aliwaweka katika Upper Otay, ziwa dogo la maji ya kunywa, na kutoka hapo wakasambazwa. Walikuta baridi isiyo kali, kiangazi kirefu, na mlo ambao Florida haukuwapo: trauti waliomwagwa ziwani kila majira ya baridi kwa ajili ya wavuvi wengine. Besi mwenye mdomo wa kuingia ngumi humeza trauti mzima. Kufikia Machi jike alikuwa amenenepa kwa trauti, na juu ya unene huo amebeba mayai.

Tazama tarehe. Tarehe 4 Machi 1980, katika Lake Casitas, Raymond Easley alivua besi wa ratili 21 na aunsi 3. Tarehe 5 Machi 1991, katika Castaic Lake kaskazini ya Los Angeles, Mike Arujo akavua wa ratili 21 na aunsi 12. Wiki moja baadaye, tarehe 12 Machi, katika ziwa hilo hilo, Bob Crupi, askari polisi wa Los Angeles, akamtoa wa ratili 22 na chembe. Kati yake na rekodi ya Perry zilibaki aunsi zisizofika nne. Nani asingetetemeka? Crupi alimpima, akapiga picha, akamrudisha ziwani. Samaki huyo alikuwa na mayai tumboni, na kwa kadiri Crupi alivyojua, angeweza kurudi mwakani akiwa mzito zaidi ya samaki wa Perry.

Ugomvi ulioibuka katika miaka hiyo ulihusu viota. Wavuvi walijifunza kutembeza mashua polepole kando ya ukingo, miwani ya kukata mng'ao machoni, wakitafuta duara jeupe na kivuli juu yake. Wakimwona, walirusha chambo kilekile mara kumi, mara hamsini, mpaka samaki akakasirika. Wengine waliita huo ustadi wa juu kabisa, wengine wakauita uonevu. David Philipp wa Illinois na wenzake waliliangalia swali hilo kwa macho yao wenyewe, wakipiga mbizi juu ya viota, na mwaka 1997 walichapisha walichokiona: dume akitolewa kiotani, hata kama anarudishwa akiwa hai, wale bluegill waliokuwa wakingoja huingia mara moja na kula mayai na vifaranga, na madume wengi hawarudi kabisa kuendelea kulinda. Eschmeyer alikuwa amehesabu samaki wa ziwa zima; Philipp alihesabu kiota kimoja kimoja. Wote wawili walisema kweli.

Halafu ikafika asubuhi ya tarehe 20 Machi 2006. Dixon Lake, katika mji wa Escondido, ni bwawa dogo la maji ya kunywa ambalo mtu hulizunguka kwa miguu bila kuchoka. Humo aliishi jike mmoja aliyejulikana kwa doa jeusi chini ya taya, hata wavuvi wakampa jina Dottie. Alishavuliwa na kuachiwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2003 Jed Dickerson alimpima ratili 21 na aunsi 11. Sasa alikuwa ukingoni tena. Mac Weakley, rafiki wa Dickerson, alimwona kutoka mashuani, akamrushia chambo cheupe mara nyingi, kisha akakaza mshipi.

Besi hushikwa kwa kidole gumba ndani ya taya la chini. Meno yake ni madogo na ya kukwaruza kama msasa, na mvuvi aliyeshika wengi kwa siku moja huwa na gumba lililochubuka. Weakley alipomfikia huyu hakuikuta ndoana mdomoni. Ilikuwa imechoma ubavuni, karibu na pezi la mgongo. Walimpima kwenye gati kwa mizani ya mkononi: ratili 25 na aunsi 1, zaidi ya kilo 11. Karibu ratili tatu juu ya Perry, mbele ya mashahidi, na kamera ipo. Kulikuwa na minong'ono ya miaka mingi kwamba atakayeivunja rekodi hiyo atakuwa tajiri. Weakley alimrudisha majini. Sheria ya California haikubali kumchukua samaki ambaye hakuuma chambo mwenyewe, na baada ya kutafakari siku chache alitangaza kwamba hataomba rekodi.

Mwezi Mei 2008 Dottie alionekana akielea, amekufa. Doa lilikuwa pale pale chini ya taya.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alimvua besi wa ratili 22 na karibu aunsi 5 katika Ziwa Biwa, Japani, kwa chambo cha bluegill hai. Bluegill hao nao walitoka Amerika: mwaka 1960 meya wa Chicago alimzawadia Mwanamfalme Akihito wa Japani, na mwaka 2007 Akihito, akiwa mfalme, alieleza hadharani masikitiko yake kwa uharibifu walioufanya katika maji ya Japani. Besi mwenyewe anatambuliwa na sheria ya Japani kama mgeni mharibifu; kumsafirisha akiwa hai ni kosa. Shirika la IGFA, linalotunza rekodi za dunia za uvuvi, hutaka rekodi mpya ya samaki wa uzito huo iizidi ya zamani kwa aunsi 2 kamili. Samaki wa Kurita hakufikisha, hivyo mwanzoni mwa 2010 ikatangazwa kuwa rekodi ni ya wawili, mkulima wa Georgia na mvuvi wa Biwa.

Mimi nakubaliana na walioyafungua maji ya Machi. Jike akivuliwa njiani kabla hajataga na kurudishwa haraka, ana nafasi nzuri ya kuendelea na safari yake, na ushahidi wa Norris haujawahi kupinduliwa. Kiota ni jambo jingine. Dume aliyesimama juu ya mayai hana wa kumwachia zamu, na bluegill hawangoji. Basi ewe unayevua besi, uwe Castaic wakati wa machipuko au Naivasha mwezi wowote ule, ukiona duara jeupe ukingoni na samaki amesimama juu yake, usirushe. Piga kasia, usogee mbele.